Kalamu ya Padri na Jiwe la Baba Mdogo

Baba,

Shikamoo. Kabla hujauliza: naandika kwa ile kalamu ya kijani uliyoiita Mkaguzi, wino wa bluu-nyeusi, imeoshwa na kujazwa jana jioni. Imeandika tangu neno la kwanza bila kukwama. Karatasi ni ya daftari la shule, ile uliyokuwa ukisema inakunywa wino kama ng'ombe aliyetoka machungani, lakini ndiyo iliyopo. Nimeshayaingiza yote hayo kwenye daftari lako la kalamu, kwa hiyo sasa tunaweza kuongea.

Mama hajambo. Bado analala upande wake wa kitanda, na upande wako ameweka nguo zinazosubiri pasi. Anasema ni kwa sababu ya nafasi. Sijambishia. Paa la jikoni limetengenezwa na halivuji tena. Parokiani vyeti vya ubatizo sasa vinachapwa na kompyuta. Katibu mpya, kijana mwenye adabu sana, aliniambia kwa fahari kwamba siku hizi majina yanatoka yote sawasawa, hakuna hata moja lililopinda. Nilimwitikia vizuri, nikanung'unika nilipofika barabarani.

Mimi nipo palepale Shinyanga, masjala, naandikisha barua zinazoingia. Natumia kalamu ya kujaza wino kila siku na wenzangu bado wananiuliza kama peni zimeisha stoo. Maji ya bomba hapa yana chumvi, yanaacha ukungu mweupe ndani ya kalamu, kwa hiyo naoshea maji ya mvua kama ulivyonifundisha. Kiangazi yakiisha nachota kidogo kwenye yale ya kunywa ya ofisini. Mkuu wangu ananiona, ananiacha.

Daftari lako nimeliendeleza. Wiki za mwanzo sikuweza hata kulifungua, nililipitia mbali pale mezani kama mtu anayempitia mdai wake. Halafu siku moja nikaona Mkaguzi ameanza kukauka na vifuniko vya nyingine havifunguki vizuri, nikajua kwamba nisipoosha zote zitakufa, na wewe hukuziacha zife. Nikaosha. Nikachora mistari yako ileile: jina la kalamu, wino, siku ya kujazwa, siku ya kuoshwa, na ile safu pana ya mwisho uliyoipa jina la Jaribio.

Niliisoma ile safu siku nzima, Baba. Watu wengine wakijaribu kalamu wanachora viduara. Wewe uliandika chochote kilichokuwa mbele ya macho yako. "Mama Kabula anagombana na kuku." "Mvua imegoma tena leo." "Wageni wanakuja, sukari haipo." Siku matokeo yangu ya darasa la saba yalipotoka uliandika, kwa wino mweusi wa kudumu, "Kabula amefaulu. Wino mzito, uongezwe maji." Na kuna pale Mama alipokuletea chupa kutoka Kahama kwa nia njema kabisa, kumbe ni wino wa mihuri, kalamu ikaziba hadi shingoni. Uliandika: "Zawadi ya mke wangu. Usitumike tena." Nilimsomea Mama. Alisema wewe ulikuwa mtu wa maneno, halafu akaniomba nimsomee tena.

Sasa nikueleze jambo lenyewe, maana najua unalingoja.

Siku ya kumaliza matanga vitu vyako viligawiwa kama desturi ilivyo. Koti lilikwenda kwa mjomba, baiskeli kwa mtoto wa Shangazi, majembe yakabaki nyumbani. Kalamu nilidhani hakuna atakayezitaka. Nani Ushirombo nzima anataka kalamu inayochafua vidole? Nilikaa nyuma ya akina mama, nimeshazipanga kichwani mwangu zote kwenye kisanduku chake, kwangu, pamoja. Lakini Shangazi wa Kagongwa akasema naye anataka kumbukumbu ya kaka yake, akapewa ile nyekundu. Nikavumilia. Halafu Mama akasimama, akasema ile nyeusi ya Padri apewe Baba mdogo Lugembe. Akasema, "Baba yao aliniambia mwenyewe: mpeni Lugembe akapime."

Nilikasirika. Sitaificha hasira hiyo leo wakati hukunilea nifiche. Niliona ni ugonjwa ndio ulioongea.

Kwa sababu kalamu ya Padri ndiyo ilikuwa bora kuliko zote, na wewe ulijua, na mimi nilijua. Yule padri mzee alikupa siku anaondoka misheni kurudi kwao, baada ya kumwandikia vitabu vya ubatizo miaka yote ile. Nibu, ule mdomo wake wa kuandikia, ni pana, ya njano, ina namba ndogo zilizochorwa juu yake. Ilikuwa kalamu pekee ambayo hukuniruhusu kuiosha peke yangu hadi nilipoanza kazi. Na ilikuwa kalamu pekee ambayo wewe na Baba mdogo hamkuweza kukaa nayo chumba kimoja bila kubishana.

Wewe ulisema nibu ni dhahabu. Yeye, aliyezeeka Bulyanhulu, kwanza akishuka kwenye maduara, yale mashimo ya machimbo, na kamba kiunoni, kisha akinunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, alisema ni shaba iliyopakwa rangi. "Kaka, wewe na chaki. Dhahabu niachie mimi." Ukimwonyesha namba anakwambia hata sufuria zina namba. Kila Krismasi alikuja na lile jiwe lake jeusi la kupimia na kichupa cha asidi ndani ya mfuko wa koti, na kila Krismasi wewe ulifunga kalamu, ukaitia mfukoni mwa shati, ukaufunga mfuko kwa kifungo. Mama alikuwa anasema nyie wawili mngezaliwa wanawake mngekosa waume.

Babu alikuwa na uwezo wa kumsomesha mmoja tu, mwingine akabaki na ng'ombe. Jambo hilo sikuwahi kuwasikia mkilizungumza. Mlizungumzia nibu.

Mimi ulinieleza kwa nini ulikataa. Ulisema ukiisugua nibu kwenye jiwe, basi tena. Ukanishikia kioo cha kukuzia, ukanionyesha ile punje ndogo iliyochomelewa nchani kabisa, ukasema hiyo yenyewe si dhahabu, ni chuma kigumu kuliko dhahabu, imewekwa pale ili ncha isilike kwa kuandika. Dhahabu ni mwili wa nibu. Nikakuuliza mbona humwelezi Baba mdogo. Ukasema ukimweleza ataomba asugue huko kwenye mwili, na wewe bado unaihitaji kalamu.

Ndiyo maana nilikasirika. Ulimnyima miaka yote, halafu ukaondoka na kumwachia.

Shangazi nilimpigia simu ili niandike kwenye daftari kalamu yake ina wino gani. Aliniambia inafanya kazi vizuri sana, anaandikia alama kwenye magunia ya mpunga. Kwenye magunia, Baba. Nilipokwenda kuiona, nibu ilikuwa imeachana kama kwato za mbuzi. Sikumwambia kitu, maana aliniwekea wali na maziwa mgando na akaishika ile kalamu muda wote tulipokuwa tunakula. Kwenye daftari nimeandika: "Nyekundu. Iko Kagongwa. Wino wa duka lolote. Inaandika magunia." Lakini nilipotoka pale nikajua siwezi kungoja. Kama mikono ya Shangazi, mwanamke mpole, imefanya hivyo, jiwe litafanya nini?

Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Bulyanhulu kuiokoa.

Niseme ukweli wa nia yangu. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilibeba kalamu mpya, nzuri, ya dukani, ndani ya kisanduku chenye utepe, nimbadilishie. Nilipanga kumwambia kwamba hiyo yake haiandiki vizuri, yaani nimdanganye, na nilikuwa tayari kabisa.

Ofisi yake bado ni kile chumba cha mabati chenye meza moja, mzani ndani ya kioo, na benchi la wachimbaji wenye vumbi hadi kwenye kope. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akaniambia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," umeamkaje, mama, akaamuru niletewe soda kabla sijakaa. Kisha, kabla sijafungua mdomo, akatoa kalamu ya Padri kwenye droo na kuiweka mezani mbele yangu.

"Si dhahabu," akasema. "Nilimwambia."

Alikuwa ameshapima. Asubuhi ileile, Baba. Akanionyesha jiwe: mkwaruzo tu wa kijivu, hakuna njano hata kidogo. Na watu wa benchi walikuwa wameshahadithiwa kisa chote, tangu enzi za Padri, maana mmoja akanipa pole na kusema mwalimu hawezi kujua kila kitu. Wakacheka, si kwa ubaya. Baba mdogo naye akacheka. Akasema kaka yake alikuwa bingwa wa mwandiko, lakini upande wa dhahabu hapana. Akaisukuma kalamu kwangu. "Ichukue, mayu. Mimi ya nini? Wewe ndiye unayezijua."

Nikaifungua. Ncha ilikuwa imelika upande mmoja, kidogo tu. Ningeilainisha taratibu kwa ile karatasi yako laini, jioni mbili tatu, ingeandika. Niliijua kazi hiyo, nimeshaifanya kwa Mkaguzi. Nikaifunga, nikaitia kwenye mkoba, nikamshukuru. Nikaacha ile mpya na utepe wake mezani. Nilikuwa nimepata nilichofuata, bila hata kusema uongo wangu, na soda bado sijaimaliza. Nikasimama kuaga.

Ndipo Baba mdogo akamwambia mtu wa benchi, akiwa ameshageukia mzani wake, "Angalau sasa imejulikana."

Nikakaa tena.

Sijui kama ungetaka nifanye nilichofanya. Nimelifikiria njia nzima ya kurudi, na hadi leo. Nilikuwa nayo mkononi, kalamu uliyoipenda, nzima au karibu na uzima. Ningeondoka nayo na ningeandika nayo hadi uzee wangu. Na kila Krismasi katika chumba kile cha mabati ingesemwa kwamba Mwalimu alibeba shaba mfukoni miaka yote akidhani ni dhahabu. Nikaona siwezi. Niliiona hasira yako, na ile namna yako ya kuvua miwani kabla ya kujibu.

Nikaitoa kalamu kwenye mkoba. Nikamwambia, "Baba mdogo, umesugua mahali sipo. Hiyo punje ya nchani si dhahabu, na Baba hakusema ni dhahabu. Chomoa nibu, sugua mwili wake."

Akauliza, "Itaharibika?"

"Itaharibika."

"Basi tuiache, mayu. Ni kalamu ya kaka."

Angeweza kuniacha niondoke akiwa mshindi, na hapo nikaona kwamba hata yeye alikuwa anaionea huruma. Lakini nilikumbuka ujumbe ulivyokuja. Hukusema apewe kalamu akaandike, maana unajua haandiki. Hukusema aitunze. Nikamwambia, "Alisema ukapime. Pima."

Akazungushia kitambaa, akaishika kwa koleo, akavuta. Ilitoka imepinda. Akaishika nibu kwa vidole vile vinene kama vile ni kifaranga, akausugua ubavu wake kwenye jiwe, na mstari ukatokea, Baba, wa njano kama ute wa yai. Watu wa benchi wakasimama wote. Akadondosha asidi. Tukangoja. Mstari haukuondoka. Akachukua kichupa kingine, kile kikali zaidi, akadondosha pembeni, pale mstari ukafifia polepole, naye akawa anatikisa kichwa taratibu akihesabu kitu moyoni mwake.

"Kumi na nne," akasema. Ndizo karati zake, kipimo cha ubora wa dhahabu. Kisha akaigeuza nibu kwenye mwanga, akaisoma ile namba ambayo amekuwa akiiita namba ya sufuria, na akaiona ni hiyohiyo.

Akawaomba watu watoke nje kidogo. Wakatoka. Akavua kofia. Alicheka kwanza, kile kicheko chenu cha kifuani ambacho hata mimi ninacho, akasema, "Mwalimu huyu, mwalimu huyu," halafu kicheko kikageuka katikati. Sijawahi kumwona Baba mdogo akilia. Kwenye mazishi alikuwa mtu wa kusimamia wachimba kaburi na kuuliza maji yako wapi. Mimi nami kwenye mazishi nilishughulika na sahani. Tukalia pale, mzani katikati yetu, mpaka akakumbuka kwamba soda yangu imepata moto, akatoka mwenyewe kuniletea nyingine.

Nakuambia kitu kimoja zaidi kuhusu siku ile. Mzani ulikuwa pale, kwenye urefu wa mkono wake, na mtu yule maisha yake yote hajawahi kushika dhahabu bila kuiweka mzanini. Nibu hakuiweka. Aliifunga kwenye kile kitambaa, akaitia kwenye droo ya juu pamoja na kalamu yenyewe. Ile mpya yenye utepe akanirudishia. Alisema yeye amesharithi.

Basi kalamu ya Padri haitaandika tena. Nimekubali. Zipo siku naikubali asubuhi na kufikia mchana naijutia, hasa nikikuta kalamu nyingine zimegoma, lakini sijarudi kuiomba. Kwenye daftari nimeiingiza hivi: "Padri. Iko Bulyanhulu, kwa Lugembe. Wino: hakuna. Jaribio: kwa jiwe. Imefaulu." Nimeandika kwa wino mweusi wa kudumu. Sikuongeza maji.

Hasira yangu nayo imeisha. Nilidhani ulimpa kalamu kwa sababu ulichanganyikiwa, au kwa sababu yeye ni mdogo wako na mimi ni binti tu. Sasa naona ulimpa kile alichokuomba miaka yote, ulipokuwa huna haja nacho tena, na ulijua atakayeumia ni mimi, ukaamini nitaweza. Ungeniambia mapema, Baba. Ningekasirika vilevile, lakini ungeniambia.

Baada ya mavuno tutakuja kujengea kaburi. Simenti atatoa Baba mdogo, tayari ameshaanza kubishana na Mama kuhusu ukubwa wa msalaba. Maandishi ya jiwe nitayachora mimi kwanza kwenye karatasi, kwa mkono, ndipo fundi afuatishe. Nitatumia nibu pana. Hakuna atakayelichapa jina lako kwa kompyuta nikiwa hai.

Pumzika sasa. Daftari lipo kwangu na litaendelea. Nimenunua jingine la kurasa nyingi, maana hilo lako linaelekea mwisho. Mama anakusalimu, anasema kuku wale wale.

Limebaki neno la Baba mdogo. Siku ile alinisindikiza hadi kwenye pikipiki, akanishika mkono, akasema, "Wewe ndiye unayeandika. Mwandikie kaka, wala usiongeze maneno yako." Akatafuta pa kuanzia, kama mtu aliyesimamishwa mbele ya darasa. Naandika kama alivyosema:

"Kaka, ni dhahabu. Nimepima mwenyewe. Sasa nitabishana na nani?"

Swali hilo nitamjibu mimi kwa niaba yako, nisamehe. Krismasi nitakwenda Bulyanhulu na kalamu yoyote nitakayoiokota mnadani, nitaitia mfukoni, nifunge kifungo, nimwambie kibanio chake ni fedha tupu. Haitakuwa fedha. Ataomba kupima, nami nitakataa, na mwaka unaofuata nitakataa tena.

Wako,
Kabula